Maharusi Ishirini na Wawili

Redioni wanakiita kishikwambi.
Huku Langoni ni tableti tu,
na Shekuwe anazo mbili juu ya kioo cha duka lake:
moja imelala kwenye kitambaa cheusi,
nyingine imeegemezwa mkebe wa chaja.

Nimekuja na vidole vyangu vya piko
na albamu ya picha iliyoliwa na chumvi,
kurasa zimegandana, maua ya ndoa moja
yamehamia mkononi mwa ndoa nyingine.
Wateja huniuliza, "Somo, huna simu ya kuonyesha?"
Ninayo. Imepasuka. Kila ua lina mshipa.

"Hii elfu kumi na mbili," asema Shekuwe,
"na hii, themanini na nane."
Mimi sihesabu kwa shilingi.
Biharusi mmoja, mikono hadi kiwiko, miguu hadi muundi,
ni elfu nne, na chai.
Basi hii ni maharusi watatu.
Ile ni ishirini na wawili.
Ishirini na wawili!
Kutoka Mkomani hadi Langoni, na Shela uiongeze,
hawaolewi wengi hivyo kabla ya Ramadhani,
na nusu yao wana shangazi anayejua kupaka.

Kizuri chajiuza, ndivyo tulivyofunzwa.
Kile kizuri hakikusema neno.
Kilingoja nikiguse.
Shekuwe akanipa kalamu yake nyeupe,
nikaishika kama ninavyoshika pembe ya hina,
nikachora jani, kikonyo, jani,
na wino ukatoka palepale ncha ilipo,
mwembamba nilipotaka, mnene nilipokaza.
Nilisahau kuwa nyuma yangu kuna watu wanangoja vocha.

Kwenye ile ya rahisi nilichora kwa kidole.
Mstari ulikuja baadaye,
kama mtoto aliyetumwa siki
akakuta wenziwe wanacheza gololi.

Nikamwambia, weka picha ya Barke, ile niliyokutumia.
Katika ya rahisi, hina yake ilikuwa maji ya mtaro.
Katika ya ghali ilikuwa ileile niliyoiacha alfajiri,
nyekundu iliyokaribia weusi,
na pale kwenye kifundo cha mkono wa kulia
nikaona jani moja la ua limepinda.
Miaka minne. Mama mkwe hakuliona, wala mpiga picha,
wala mimi niliyelichora saa nane za usiku.
"Umeona inavyoonyesha?" akasema Shekuwe.
Nikasema nimeona.

"Sasa iwekee kidole, ikujue."
Niliweka cha shahada. Ikatikisika, ikakataa.
Nikaweka gumba. Ikakataa.
Akapangusa kioo kwa pindo la shati,
nikaweka vyote kumi,
kumi vikakataliwa.
Miaka ishirini na sita ya piko na ndimu
imekula mistari yangu;
nimewachorea watu mikono
hadi yangu ikabaki tupu.

Shekuwe alicheka, kisha akaacha kucheka.
Ile ya rahisi iliuliza tarakimu nne tu.
Nikaipa mwaka aliokufa mama,
ikafunguka, haikutaka shahidi mwingine.

Nikalipa. Maharusi wawili taslimu,
wa tatu nitammalizia kidogo kidogo.

Jana Swabra binti Famau aliketi mbele yangu,
akasukuma michoro kwa kidole, ikakwama, akangoja,
akachagua mlangilangi unaopanda hadi kiwiko.
"Lakini rangi ndiyo hii?"
"Rangi haimo humo," nikamwambia.
"Rangi niachie mimi. Lete mkono."

Alinipa elfu nne.
Mbili nimempelekea Shekuwe.
Moja imekwenda kwenye unga.
Moja nimeitia kwenye mkebe wa maziwa juu ya kabati,
sina nia nayo yoyote.

Ila jani lile la Barke,
usiku huu nimelichora mara sita,
na mstari ukichelewa, nausubiri.